Njia ya mchanga, njia ya salama: Tulivyowapeleka watoto wa madrasa bondeni kwa baiskeli

KATIKA daftari la mihtasari ya kamati ya msikiti wetu, hapa wilayani Kibiti, umo uamuzi nilioundika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka jana: mwanafunzi wa madrasa asije darasani kwa baiskeli. Tuliupitisha wiki moja baada ya kijana wetu mmoja kugongwa na gari kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, juzuu yake ikiwa mkobani. Alhamdulillah, Allah alimnusuru. Alivunjika mguu, na leo anatembea. Lakini siku baba yake alipokuja kuichukua ile baiskeli iliyopindika, hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na neno jingine ila kupiga marufuku.

Leo naandika kuwaomba wazazi na wajumbe wenzangu tuutazame upya uamuzi ule. Siombi hivyo kwa sababu hatari imeondoka. Naomba kwa sababu tuliipa lawama baiskeli, ilhali kilichokuwa na kasoro ni njia tuliyowaachia watoto.

Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na mvua zilipozidi, msafiri wa kusini alikwama njiani hata kwa siku kadhaa. Daraja na lami vimetuletea kheri nyingi: mgonjwa hufika hospitali mapema, na korosho hufika sokoni. Lakini lami hiyo imeleta pia mabasi na malori yaendayo kasi, na mtoto wa miaka kumi na mbili juu ya baiskeli ya baba yake hana pa kujificha. Tuliwazuia wasipande, lakini hatukuwaonyesha pa kupanda.

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo cha Kiislamu, ambaye sasa anafanya kazi Dubai, alinitumia picha za njia ya baiskeli ya Al Qudra. Ni ukanda wa lami uliotandikwa jangwani nje ya mji, wenye urefu unaozidi kilomita 80, na hakuna gari linaloruhusiwa kuukanyaga. Watu huamka alfajiri, wakasali, kisha wakapanda baiskeli kati ya vilima vya mchanga kabla jua halijakali. Wakati mwingine choroa huonekana wakitembea kando. Aliniandikia kwa masikitiko kwamba Rufiji hatuna kitu kama hicho.

Nililifikiri neno lake siku nyingi, hatimaye nikaona kwamba ndugu yangu amesahau kwao. Jangwa hatuna, lakini mchanga tunao, na njia zisizo na magari tunazo nyingi kuliko tunavyozihesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji hadi kwenye vijiji vya nyanda za juu zenye mchanga. Makazi yalihama, mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni. Tangu wakati huo watu wamekuwa wakishuka kulima mlau maji yanapopungua, wakilala katika madungu yao kulinda mazao, kisha wakipanda kurudi kijijini. Miguu yao na magurudumu ya baiskeli zao ndivyo vilivyochora njia hizo. Gari halizipendi, kwa kuwa mchanga huyanasa, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa bondeni huyazamisha.

Basi mwezi Julai, shule zilipofungwa, nikaiomba kamati ruhusa ya siku moja tu ya majaribio. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne, walimu wawili, wazazi watatu, na fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliyejitolea kwa ajili ya Allah. Tulisali Alfajiri kwa jamaa, tukasoma dua ya kipando, tukaondoka jua likichomoza. Barabara kuu tuliivuka mara moja tu, baiskeli zikiwa mkononi, mwalimu mmoja amesimama upande huu na mwingine upande ule.

Baada ya mikorosho ya mwisho kelele za malori zilikatika. Zikabaki sauti za minyororo na za watoto. Kwa muda wa saa mbili za mwendo tulikutana na bodaboda mbili na wakulima waliobeba magunia kwenye keria. Mzee mmoja alitutazama tukihangaika kwenye mchanga mzito, akacheka, akasema: “Wanangu, punguzeni upepo. Mchanga haushindwi kwa nguvu.” Tukapunguza upepo wa matairi, nayo yakapanuka na kuushika mchanga. Somo hilo kamati nzima ya watu wazima haikulijua.

Nayataja mengine tuliyojifunza, huenda yakamfaa mzazi anayetaka kuwatoa watoto wake. Safari ianze mapema, kwani umande huushikamanisha mchanga na gurudumu halizami sana. Mchanga ukizidi, shuka usukume. Hakuna aibu katika kutembea. Kila mtoto awe na maji yake, na kofia ya kukinga jua. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, kwa sababu mchanga uliochanganyika na mafuta huula kama msasa. Pampu, viraka na gundi visikosekane. Na msimu ni kiangazi, kuanzia Juni. Wakati wa masika bonde ni la maji, na sote tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 yalivyozamisha mashamba na nyumba katika wilaya za Kibiti na Rufiji.

Bondeni tulikaa chini ya mwembe, tukala mihogo na samaki. Adhuhuri ilipoingia, mtoto mmoja alitaka kushuka mtoni kutia udhu. Mwalimu akamzuia, akaifanya kuwa darasa. Rufiji ina mamba na viboko. Mwenye kuyaona maji lakini akahofia mnyama mkali aliyeko hapo, sheria humhesabu kuwa ni mtu asiyeyapata, na hupewa ruhusa ya kutayamamu. Ila sisi tulikuwa na madumu yetu, hivyo tukatawadha. Mwingine akauliza kama tutapunguza sala. Akajibiwa kwamba safari ya kupunguza sala, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hufikia kilomita 80 na zaidi, nasi hatukuikaribia. Tukasali rakaa nne kamili. Masuala hayo nimeyafundisha ubaoni miaka kadhaa. Siku ile sikuhitaji kuyarudia mara mbili. Baada ya Alasiri tuliondoka, na kabla ya Magharibi kila mtoto alikuwa kwao.

Limebaki jambo moja lililo zito. Wanafunzi wote kumi na wanne walikuwa wavulana. Jioni ile, mama mmoja alinisimamisha nje ya msikiti akaniambia: “Katibu, binti yangu ndiye anayehifadhi vizuri kuliko hao wote. Au mchanga wa Rufiji ni wa wavulana peke yao?” Sikuwa na jibu la haraka, nami sitaki kujificha nyuma ya desturi na kuiita dini. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake), safari moja akashindwa, nyingine akashinda. Kinachotakiwa ni stara, usalama na usimamizi, na vyote vinawezekana. Iandaliwe siku yao, akina mama wawaongoze, wavae suruali pana chini ya kanzu zao ndefu, na zitumike baiskeli za kike zenye kifuniko cha mnyororo ili nguo isinaswe.

Katika Surat An-Nahl, Allah anatukumbusha neema ya farasi, nyumbu na punda, kisha anatueleza kuwa huumba hata tusivyovijua. Baiskeli ni katika neema hizo. Na kuondoa udhia njiani kumetajwa kuwa ni katika matawi ya imani. Mimi naona kuwaondoa watoto kwenye njia yenye udhia ni katika maana hiyo hiyo.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho nitaomba ule mstari wa mwaka jana ufutwe, na mahali pake paandikwe matatu: watoto wasipande barabara kuu, njia za mashambani zionyeshwe na kufyekwa kwa msaragambo, na ziara ya bondeni iwe kila kiangazi, wavulana kwa siku yao na wasichana kwa siku yao. Yule kijana aliyevunjika mguu alikuwa pamoja nasi siku ile, kwa ridhaa ya baba yake. Alipanda baiskeli kwenda na kurudi. Baba yake ni mmoja wa wale wazazi watatu, naye ameniambia kwamba hoja hiyo ataiunga mkono.

Wabillahi tawfiiq.