Akii-Bua, bingwa wa Olimpiki aliyegeuka mkimbizi

MARABO (Ituri) – Kwa wakaaji wa Marabo, kwenye barabara ya Bunia–Komanda, kusema Uganda ni kusema jirani wa ng'ambo ya Ziwa Albert, kule ambako watu wengi wa Ituri walikimbilia usalama wakati wa vita. Jirani huyo alikuwa na mwanariadha aliyejua kukimbia kwa namna mbili: kwanza uwanjani mbele ya dunia nzima, kisha na jamaa yake, kuokoa maisha.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, kwa baba aliyekuwa na wake wanane na watoto 43. Aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe, kisha akaingia polisi. Huko ndiko kipaji chake kilionekana. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamwelekeza kwenye mita 400 kuruka viunzi.

Mbio hizo hazina huruma. Ni mzunguko mmoja mzima wa uwanja, na viunzi 10 vya karibu sentimita 91. Kasi peke yake haitoshi. Mkimbiaji anahesabu hatua kati ya kiunzi na kiunzi, na akikosea moja tu, yote yanaharibika. Akii-Bua alijitayarisha kwa kupanda milima akiwa amevaa fulana nzito ya zaidi ya kilo 10.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1972, kwenye fainali ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani, alipewa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambako kona ni kali zaidi. Bingwa wa 1968, Mwingereza David Hemery, alikuwa ndani ya mbio hizo. Alipokata utepe, saa ilionyesha sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48. Rekodi ya Hemery, 48.12, ilikuwa imekwisha. Akii-Bua hakusimama: aliendelea kuzunguka uwanja akishangilia, kana kwamba mbio ndiyo kwanza zinaanza. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya zahabu ya Uganda kwenye Olimpiki.

Rais wakati huo alikuwa Idi Amin, ambaye utawala wake uliua Walango wengi. Akii-Bua mwenyewe alikuwa Mlango. Amin alimpandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba, na hapo ndipo mtego ulipokuwa: kwa watu wa nje alikuwa mfano kwamba Mlango anaweza kuishi vizuri chini ya Amin.

Mwaka 1976 ilikuwa zamu yake ya kutetea zahabu huko Montreal, dhidi ya Mmarekani kijana, Edwin Moses. Hawakukutana. Inchi nyingi za Afrika, Uganda kati yazo, zilisusia michezo kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Moses alishinda kwa 47.64 na kuchukua rekodi ya dunia. Msimamo wa Afrika ulikuwa wa haki, ila bei yake ililipwa na wanariadha.

Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipokuwa unaanguka, Akii-Bua aliogopa kuhesabiwa kati ya watu wake. Alikimbilia Kenya na jamaa yake, akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu Puma ndiyo iliyomtoa huko na kumpa kazi Ujerumani. Alikimbia tena kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, lakini hakufika fainali.

Kongo nayo ilikuwa na mtu wa mita 400, bila viunzi: Gary Kikaya, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekimbia 44.10 mwaka 2006 na kushikilia rekodi ya Afrika hadi 2014. Medali ya Olimpiki inchi yetu haijaipata bado.

Akii-Bua alirudi Uganda, akawa kocha. Alikufa mwezi wa sita 1997, mjane wa miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa. Zahabu ya pili ya Uganda ilikuja mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London. Huko Lira, mji mkubwa wa Lango, uwanja wa michezo unaitwa Akii-Bua.