Laiki 400, Wateja Wawili: Mbona Biashara ya Mtandaoni Inawatoa Jasho Wanaoanza

Ukipitia stetasi za WhatsApp za masela wa Makadara saa hii, utadhani kisiwa chote ni duka. Huyu ana madera, yule ana marashi, mwingine anauza kava za simu, na binamu yako ameanza na achari ya maembe. Sasa rudi baada ya miezi mitatu uhesabu ni wangapi bado wanaposti. Wengi watakuwa wamenyamaza, na zile fulusi za kuanzia, ambazo pengine mathe alizitoa kwa chama, hakuna anayejua zilienda wapi.

Mtaani majibu ni rahisi: ana mkosi, hana bidii, anapenda vya haraka. Zii! Wengi wao wako macho saa nane za usiku wakijibu meseji. Shida ilianzia kwa hesabu waliyoambiwa siku ya kwanza: uza mtandaoni, hulipi kodi ya duka, kila kitu ni faida. Ni kweli hulipi kodi. Lakini kuna kazi ambayo ile kodi humfanyia mwenye duka, na kazi hiyo lazima mtu aifanye. Mtu mwenyewe ni wewe, na inakula ganji kidogo kidogo mpaka usijue.

Kodi ya duka hununua nini?

Toka Makadara utembee hadi Biashara Street, si mbali. Mwenye duka pale analipa kodi kila mwezi, na anapata vitu vitatu. Kwanza, watu wanapita mlangoni wenyewe bila kuitwa. Pili, wanamwamini, kwa sababu nguo ikichanika kesho wanajua pa kumpata. Tatu, mteja akishalipa anabeba mzigo wake mwenyewe mpaka keja.

Wewe wa mtandaoni unaanza bila hata kimoja.

Wapita njia huna. TikTok, Instagram na Facebook ndio wanaoamua posti yako ionekane na nani, na wanaipeleka kwa watu wanaopenda kutazama, si lazima wanaotaka kununua. Ndio maana laiki zinafika 400 na walioulizia bei ni wawili. Tena mmoja ni shangazi yako. Ukitaka kuonekana zaidi, unalipia tangazo.

Kuaminiwa nako kunachukua muda. Chukua mfano wa leso za Kaderdina Hajee Essak, zile zenye muhuri wa "Mali ya Abdulla". Biashara hiyo ilianza hapa Mombasa mwaka 1887. Mama akiona ule muhuri pembeni mwa leso hana haja ya kuuliza maswali mengi, kwa sababu nyanyake pia alivaa. Akaunti yako ina wiki tatu. Mteja wa Bamburi hakujui, na pengine mwezi jana alituma pesa kwa msee fulani akablokiwa. Akikwambia "nitalipa mzigo ukifika," usimwone mjeuri. Anajikinga tu. Nawe ukitaka ulipwe kwanza, pia unajikinga. Hapo katikati ndipo oda nyingi hufia.

Halafu kuna usafiri. Mzigo haujibebi. Ukiandika "delivari ya bure," jua hiyo bure inatoka mfukoni mwako.

Hebu tupige hesabu

Tuseme umeanza na shilingi 6,000. Umechukua madera 10 kwa 600 kila moja, unauza 900. Kichwani umeshaona faida ya 3,000. Wiki mbili zimepita, umeuza manane. Wateja watatu waliuliza "mwisho ngapi?" ukawapunguzia mia mia. Kwa hivyo zimeingia 6,900.

Sasa angalia zilizotoka:

- Data ya wiki mbili: 400
- Tangazo la kulipia: 500
- Nauli ya kufuata mzigo: 200
- Mifuko ya kupakia: 200
- Delivari ya "bure" kwa wateja watano, mia kila mmoja: 500
- Wateja wawili waliozima simu boda akiwa mlangoni, kwenda na kurudi 200 kila mmoja: 400

Jumla ni 2,200. Toa hizo kwa 6,900, umebaki na 4,700 mkononi. Ongeza yale madera mawili yaliyorudi, ambayo bei yake ya kununulia ni 1,200. Mali yako yote sasa ni 5,900. Ulianza na 6,000.

Yaani umeposti, umejibu meseji, umegombana na watu wa boda, umekosa usingizi wiki mbili, na uko chini kwa shilingi mia. Na hapo hujajilipa hata senti. Noma ni kwamba ulikuwa ukiona M-Pesa ikilia kila siku, ukaamini unaomoka. Ukala lanchi na zile 900, ukanunua viatu. Siku ya kurudi kuchukua mzigo mpya ndipo unagundua kapu limetoboka. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata wenye mabilioni limewashinda

Usijilaumu sana. Copia ilianza kuuza bidhaa Kenya mwaka 2013, watu wakiagiza kupitia maajenti wa madukani. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi baada ya pesa kukauka. Jumia nao walifunga huduma yao ya chakula, Jumia Food, mwisho wa 2023, Kenya na nchi nyingine walizokuwa wakihudumia. Kumfikishia mtu kitu cha bei ndogo mpaka mlangoni ni kazi ghali, na hao walikuwa na maghala na programu zao. Wewe mwenye madera 10 huwezi kuanza kwa kutoa usafiri bure.

Na wale wa video je?

Huko nako kuna kodi, ila unalipa kwa muda. Ili YouTube ikugawie pesa za matangazo, unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtu anatazama dakika tatu halafu anahama, unahitaji kutazamwa mara 80,000 kabla ya kuona chochote. Ukishaingia, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Inawezekana, lakini usiache kibarua mwezi wa kwanza ukitegemea hizo.

Na ukikutana na "kazi ya mtandaoni" inayokudai hela ya kufungua akaunti ndipo uanze kulipwa, ishia mbio. Hapo biashara ni wewe.

Sasa ufanyeje?

Anza na watu walio karibu. Wateja wako kumi wa kwanza wawe watu wanaoweza kukufikia kwa miguu: majirani, mliosoma nao, watu wa msikitini au kanisani, mbogi ya mpira. Hao tayari wanakuamini, na wanaweza kuja kuchukua mzigo. Ukiuza kwa wanaokujua, tangazo la kulipia linaweza kusubiri.

Nauli ilipwe na mteja, tena kabla boda hajaondoka. Humuulizi mtu asiyekujua atume 900. Unamuomba mia moja au mbili tu za usafiri, zilizobaki atalipa akiona mzigo. Mwenye nia atatuma. Asiye na nia utamjua kabla hujapoteza pesa. Na wa mbali, kama ng'ambo ya Likoni au Mtwapa, kusanya oda zao zitoke siku moja.

Rudi kwa hesabu yetu. Ukiondoa ile delivari ya bure na ile safari ya wateja waliozima simu, umeokoa 900. Badala ya hasara ya mia, una faida ya 800. Ukiondoa na tangazo, ni 1,300. Bei ni ile ile na dera ni lile lile.

Piga picha zako mwenyewe. Picha uliyoiokota mtandaoni mteja ameshaiona kwa akaunti nyingine kumi. Toa dera nje kwenye mwanga, rekodi video fupi, onyesha mshono na upande wa ndani. Na andika bei! Ile "bei njoo inbox" inamfukuza mtu, anadhani utampima kwa sura.

Nunua kidogo. Badala ya madera 10, chukua manne ya rangi tofauti uone ipi inaondoka. Mzigo uliolala kabatini ni pesa zako zimelala.

Mwisho, weka daftari, hata liwe la shilingi ishirini. Kila jioni andika zilizoingia, zilizotoka, na mzigo uliobaki. Pesa za biashara zikae mbali na pesa za lanchi, hata kama ni kwa laini tofauti.

Baada ya mwezi mmoja fungua hilo daftari. Kama pesa pamoja na mzigo ni zaidi ya ulichoanza nacho, hata kwa 500 tu, biashara inapumua, endelea. Kama ni chini, usirudi kwa mathe kuomba nyingine kwanza. Tafuta ni wapi panapovuja kati ya kuonekana, kuaminiwa na kusafirisha, uzibe. Kapu lililotoboka ukiliongezea maji, unachopata ni sakafu iliyolowa.