Mcheza Ngoma Akibaki Peke Yake Uwanjani

Msimamishe kijana anayejua ngoma katikati ya ukumbi mtupu, umwambie acheze chochote anachotaka. Dakika ya kwanza atakupa mambo mazuri. Ya pili ataanza kujirudia. Ikifika ya tatu utaziona nyonga za sindimba, kisha hatua za mdundiko, kisha mkono uleule alioanza nao, na uso umeshachoka kabla ya miguu. Kipaji anacho, alichokosa ni swali. Mwili ulioachiwa uhuru wote hukimbilia mazoea, maana hayo ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya nia na misuli.

Swali hilo wataalamu wa utunzi wa dansi huliita kichocheo. Mwalimu wa Uingereza, Jacqueline Smith-Autard, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu utunzi wa dansi, alivigawa vichocheo mafungu matano: vya kusikia, vya kuona, vya kugusa, vya mwendo wenyewe na vya wazo. Mgawanyo huo unafaa darasani. Ila mtu aliyekulia Bagamoyo, Kaole au Mlingotini ameshazungukwa na vyote vitano tangu utotoni. Anachohitaji kufundishwa ni kukishika kimoja, akibane, akakihoji bila kukiiga.

Nianze na sikio, kwa kuwa ngoma zetu zinaanzia huko. Katika ngoma nyingi za Pwani na za bara, mchezaji hutoka kwenye duara, akaenda mbele ya wapigaji, akacheza zamu yake, akarudi kwa wenzake. Zamu hiyo ni dansi ya mtu mmoja, tena ya kubuni papo kwa papo. Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaosema kucheza peke yako ni jambo tuliloletewa kutoka nje. Mpigaji humchokoza mchezaji kwa kubadili pigo. Mchezaji humjibu kwa bega, kwa kisigino, au kwa kunyamaza mwili mzima. Huyu hamfuati yule, wanasemezana.

Ngoma zilipopandishwa jukwaani, kwanza na Kikundi cha Taifa cha Ngoma cha miaka ya 1960, kisha na Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, mara nyingi duara lilifunguliwa likawa mistari inayoitazama hadhira. Tulipata mengi kwa njia hiyo. Kijana wa Mtwara alijifunza bugobogobo ya Wasukuma, na wa Mwanza akaijua sindimba ya Wamakonde. Lakini mstari unataka watu wafanane, na zamu ya mtu mmoja ikabanwa. Kwangu mimi, kuirudisha zamu hiyo mazoezini ni kazi ya haraka kuliko kutafuta mitindo mipya.

Chukua sasa ilimba ya Wagogo, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kufundisha miaka mingi Bagamoyo, alikifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Ilimba ina vyuma vingi, na baadhi yake havipigwi na kidole kabisa. Hutetemeka vyenyewe, vikiitikia vyuma vya jirani. Ubao wake una tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa sauti mvumo wa kuwasha masikio. Mchezaji wa kawaida akiisikia ilimba hudaka mdundo na kuanza kukanyaga. Mwambie auache mdundo. Acheze mvumo peke yake, yaani kile kinachobaki baada ya kidole kuondoka. Unakaa wapi mwilini? Wako wanaouona kwenye mbavu, wako wanaouona nyuma ya shingo. Akishaupata, aongeze sharti la pili: kiungo kimoja kianze, kingine kiitikie bila kuamriwa, kama vyuma vile visivyoguswa. Hapo kiwiko kitatikisika kwa sababu ya goti, na macho yatafuata kitu ambacho mguu umekwisha kukimaliza. Hakuna ngoma unayoijua yenye miondoko hiyo. Imezaliwa na sharti.

Jicho ndilo linalodanganya zaidi. Bagamoyo ina wachongaji, na sanamu za mtindo wa shetani, alioanzisha Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, humvutia kila mcheza ngoma. Wengi husimama kwa mguu mmoja, wakapinda mkono, wakaachama, wakadhani wamecheza. Hiyo ni picha tu. Iulize sanamu uzito wake umeangukia wapi, na kwa nini haianguki. Halafu utafute kusimama vivyo hivyo huku ukisogea.

Mguso ni mkweli zaidi. Mwaka 1930 Martha Graham wa Marekani alicheza peke yake "Lamentation", dansi ya maombolezo, akiwa ameketi ndani ya kitambaa kinachovutika kilichoshonwa kama mfuko mrefu. Huzuni haikuonyeshwa kwa machozi. Ilionekana pale kitambaa kilipovutwa na magoti na viwiko vikakisukuma kutoka ndani. Sisi tuna kanga. Ichovye katika maji ya bahari, jifunge kuanzia kwapani hadi magotini, kisha ujaribu kuinuka kutoka sakafuni. Kanga mbichi hung'ang'ania paja, ikakunyima hatua ndefu, na kila unachokipata unakipata kwa kukidai.

Kichocheo cha mwendo kiko pwani kwenyewe. Siku za bamvua, maji ya mwambao huu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakiacha mchanga mtupu mpana. Ingia maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, yafuate hadi yafike pajani, ukiangalia namna kila sentimita inavyobadili hatua: kwanza unarusha maji, kisha unayakata, mwisho nyonga ndiyo inayobeba mguu. Rudi ukumbini, kwenye sakafu kavu, ucheze hatua zile zile kama vile maji bado yapo. Siku za maji mafu, pwani ile ile hukupa kipimo kingine.

Wazo ni kichocheo kigumu, hasa katika mji wenye historia nzito. Nimeona dansi nyingi kuhusu utumwa ambamo mchezaji huingia mikono imefungwa kwa minyororo ya kuwaziwa, akaanguka, akainuka, akaikata. Hadhira hupiga makofi, nami huondoka sijajua kitu kipya. Wazo kubwa halichezeki lilivyo. Lazima lishushwe hadi lifike kwenye kiungo. Karne ya 19 misafara iliingia Bagamoyo kutoka Tabora na Ujiji, na pamoja na waliotekwa walikuwamo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walioajiriwa, kila mmoja na mzigo wa kilo zipatazo 30 begani au kichwani. Basi uliza jambo dogo: bega lililobeba kilo 30 kwa miezi linafanya nini mzigo unapotuliwa? Linapanda? Linautafuta mzigo? Ubavu wa upande wa pili unajinyoosha kwa kasi gani? Anayeyajibu haya kwa mwili hahitaji minyororo. Faustin Linyekula wa Kisangani, Kongo, katika dansi yake ya peke yake "Le Cargo" ya mwaka 2011, alilishusha wazo la kumbukumbu kwa njia inayokaribiana na hii: alirudi Obilo, kijiji cha utotoni mwake, kuzitafuta ngoma za huko, kisha akajenga dansi kutokana na safari ile.

Kubuni papo kwa papo bado si kutunga. Baada ya zoezi, simulizi ya mwili hupotea upesi, hivyo weka simu ukutani ikurekodi. Usitazame palipo pazuri. Tazama pale ulipositasita, pale ulipokaribia kuanguka, kwa sababu hapo mazoea yalikosa jibu. Chagua vipande viwili au vitatu, uvirudie hadi uvijue, kimoja polepole mno, kingine ukiipa hadhira mgongo. Ndipo uamue kama kichocheo kibaki au kiondoke. Graham alikibakiza kitambaa. Mimi huwashauri wanafunzi waondoe: ilimba inyamazishwe, kanga ivuliwe. Dansi ikiporomoka, ilikuwa bado inaegemea. Ikisimama, imekuwa yako.

Halafu kuna watazamaji, ambao vitabu vingi huwasahau. Katika ngoma ya uwanjani mama hupiga kigelegele, mwingine huingia kutunza, na mchezaji hubadilika hapo hapo. Jukwaani taa huwaka, viti viko gizani, na dansi hufungwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Acha sehemu moja wazi, dakika moja hivi, usiipangie miondoko, ipangie kichocheo tu: utajibu sauti ya kwanza itakayotoka kwenye viti, hata ikiwa kikohozi. Na mpigaji wako umwambie mapema ni dakika ipi, ili anyamaze.