Kisiwa kilipoishinda Marekani, sheria ya kamari ikabaki pale pale

JE, mkataba wa biashara ya kimataifa unaweza kubatilisha sheria ya nchi inayoharamisha kamari ya mtandaoni? Kesi ya Antigua na Barbuda dhidi ya Marekani ina jibu.

Mnamo 2003, taifa hilo dogo la Caribbean, lenye watu wasiofika 100,000 wakati huo, liliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani, WTO. Kampuni zenye leseni ya Antigua zilikuwa zikiwahudumia wacheza kamari wa Marekani kupitia intaneti. Hata hivyo, sheria za Marekani, ikiwemo ya 1961 inayokataza kupitisha dau kwa nyaya za mawasiliano, ziliwafungia mlango.

Marekani ilijitetea kwamba haikukusudia kufungua soko lake la kamari ilipoingia katika mkataba wa biashara ya huduma. Waamuzi walikataa hoja hiyo, kwa kuwa orodha ya ahadi zake ilitaja huduma za burudani bila kuiondoa kamari.

Hata hivyo, uamuzi wa rufaa wa Aprili 2005 ulikubali kuwa nchi ina haki ya kulinda maadili ya umma. Kilichoiponza Marekani ni ubaguzi: ilishindwa kuonyesha kwamba marufuku yake kuhusu dau za mbio za farasi yaliwabana wenyeji sawa na wageni.

Pamoja na hayo, sheria hazikufutika. WTO haina bunge wala polisi, na sheria ya Marekani ya 1994 yasema wazi kuwa kifungu cha mikataba hiyo kinachokinzana na sheria ya nchi hakina nguvu. Mnamo 2006, Congress ilikaza kamba zaidi kwa kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni.

Antigua ilidai fidia ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka. Desemba 2007 wasuluhishi waliikadiria dola milioni 21, tena si fedha taslimu, bali idhini ya kutolinda hakimiliki za Wamarekani kwa kiwango hicho. WTO ilitoa idhini rasmi Januari 2013.

Kwa hivyo, mkataba haufuti sheria. Huitoza gharama tu, na mnyonge huambulia kidogo hata akishinda. Kwa Kenya, mwanachama wa WTO tangu 1995, somo ni mawili: kusoma vyema ahadi kabla ya kuzitia saini, na kuhakikisha kuwa sheria inayomfunga mgeni inamfunga mwenyeji pia.