Fundi Redio, Linda Afya Yako na ya Watoto Nyumbani

Katika familia nyingi za parokia zetu yupo kijana anayejifunza kutengeneza redio, simu au taa za sola. Kazi hiyo ni njema, na wapo wanaolipia ada ya shule za wadogo zao kwa kazi hiyo. Lakini mara nyingi karakana yake ni meza ileile inayoandaliwa chakula jioni, au ni pembe ya chumba anacholala pamoja na watoto. Ndiyo maana mwezi huu tumekileta chuma cha kulehemia katika ukurasa wa afya.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya chuma hicho ni kuungua tu. Kuungua kupo, nasi tutakueleza la kufanya. Hata hivyo lengelenge dogo hupona kwa siku chache. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kile kisichouma, yaani madini ya risasi yaliyomo katika waya wa lehemu.

Lehemu iliyozoeleka ni mchanganyiko wa bati sehemu 60 na risasi sehemu 40. Huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 za Sentigredi. Ipo pia lehemu isiyo na risasi, ambayo ni bati pamoja na shaba kidogo na pengine fedha, nayo huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 227. Soma maandishi kwenye kigurudumu cha waya kabla ya kununua: ukiona herufi Pb, jua kwamba hiyo ni risasi. Tangu Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zimezuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Tunamshauri kila anayeweza kupata lehemu isiyo na risasi aitumie, ingawa inadai joto zaidi na fundi mwanafunzi huiona ngumu mwanzoni.

Risasi huingiaje mwilini? Wengi hujibu haraka: kwa moshi. Hapa pana kosa la kusahihisha. Kwenye joto la kawaida la kulehemu, nyuzi 320 hadi 380, risasi hutoa mvuke kidogo mno. Njia yake kubwa ni mkono na mdomo. Fundi hushika waya, vidole vinapata weusi usioonekana vizuri, kisha anakula andazi au anavuta sigara bila kunawa. Wengine, mikono yote miwili ikiwa na kazi, huushika waya wa lehemu kwa meno. Tabia hiyo iachwe leo hii. Na vile vitone vinavyodondoka mezani na sakafuni ndivyo anavyookota mtoto anayetambaa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na risasi iliyomezwa. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hupunguza damu, na humfanya mtoto awe mzito wa kujifunza. Kwa mama mjamzito hupita kutoka katika damu yake hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hukaa pia ndani ya mifupa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni mahali. Meza ya kulehemu isiwe ya chakula wala isiwe jikoni. Kama nyumba ni ndogo, tafuta ubao mmoja wa kazi hiyo tu, ufanyie kazi barazani, kisha uufute kwa kitambaa chenye maji na kuuweka juu mtoto asikofika. Usifagie pakavu, maana vumbi litaruka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto, na shati la kazi lifuliwe peke yake.

Sasa tuseme juu ya moshi wenyewe. Moshi ule mweupe hutoka katika dawa iliyo ndani ya waya, itengenezwayo kwa utomvu wa msonobari, ambayo husaidia lehemu kushika. Nchini Uingereza moshi huo umehesabiwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu itokanayo na kazi. Aliyekwisha kupata pumu ya namna hiyo huweza kushikwa tena hata na moshi kidogo. Usiinamie kazi uso ukiwa juu yake. Fanya kazi penye dirisha wazi, na kama kuna feni ndogo iweke iuvute moshi kando, usielekee kwa mwenzako. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo.

Katika kuchagua chuma, usidanganywe na ukubwa wa wati. Kwa redio na simu, chuma cha kawaida cha wati 25 hadi 40 kinatosha. Kile cha wati 100 ni cha nyaya nene. Kisicho na kidhibiti joto huendelea kupanda kadiri kinavyoachwa kwenye umeme, kikaunguza bodi na kuongeza moshi. Chenye kidhibiti, hata kama kimeandikwa wati 60, hushika joto ulilokipangia, na hizo wati za ziada hukisaidia tu kurudia joto lake upesi. Fedha ikipatikana, nunua hicho. Kiwe na mpini usiopata moto, waya usiopasuka, plagi ya miguu mitatu yenye ethi iliyounganishwa kweli, na kishikio kizito cha kukilaza. Tumeona vyuma vikilazwa juu ya kiberiti au ukingo wa sahani, na hilo ni kuita moto ndani ya nyumba.

Pasipo umeme, mafundi huchoma kipande cha shaba katika jiko la mkaa. Tahadhari mbili hapa. Jiko lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa ya mkaa huua bila harufu. Tena kipande kisiachwe kiwe chekundu, kwani kwenye joto hilo risasi huanza kutoa mvuke wa kudhuru. Wala usiyeyushe betri za gari upate risasi ya bure. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba watoto 18 walikuwa wamekufa katika kitongoji kimoja cha Dakar, Senegal, mahali watu walipochambua betri chakavu.

Kabla ya kulehemu chochote, chomoa plagi ya kifaa. Kapasita kubwa ya televisheni hubaki na umeme hata baada ya hapo, hivyo mwanafunzi asiiguse bila fundi wake. Vaa miwani unapokata miguu ya vipuri, maana vipande huruka machoni.

Ukiungua, vua pete mara moja na weka mahali hapo chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala yai. Kama ni usoni, kwenye kiungo au jichoni, au kama ni mtoto, nenda zahanati bila kukawia.

Baadhi ya mafundi hunywa maziwa wakiamini yanaosha risasi mwilini. Hayaiondoi iliyokwisha kuingia. Lakini mtoto anayekula dagaa, maharage na mboga za majani, na kupata maziwa, hufyonza kidogo kuliko mwenye upungufu wa madini ya chuma na chokaa. Mtoto akilalamika tumbo mara kwa mara, akikosa choo, akipauka au akirudi nyuma darasani, mpeleke hospitali na umweleze daktari wazi kwamba nyumbani kuna anayelehemu. Dalili hizo hufanana na za minyoo, na asipoambiwa hatakuwa na sababu ya kuagiza damu ipimwe risasi.