Jeli Ndani ya Sindano

Mwili wa binadamu, ambao hujitibu wenyewe ngozi ichanikapo au mfupa uvunjikapo, huwa hauna hila pale uti wa mgongo ukatikapo au ubongo upatwapo na kiharusi. Na ni katika mlango huo uliofungwa ndipo Molly Shoichet, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada tangu 1995, alipochagua kubisha hodi.

Maabara yake imetengeneza jeli kutokana na asidi ya hayaluroniki, iliyomo tayari katika viungo na macho yetu, ikachanganywa na methiliselulosi itokanayo na mimea: mchanganyiko huo hulainika unaposukumwa kupita katika tundu jembamba la sindano, kisha, ukifika mahali pake, hushikamana tena, ukazihifadhi seli au dawa zilizomo kama udongo laini uhifadhivyo mbegu, zisitawanyike wala zisiangamie upesi. Hekima latifu iliyoje! Walakini majaribio mengi yamefanywa kwa wanyama, na safari ya kumfikia mgonjwa ingali ndefu.

Mwezi wa Novemba 2017 serikali ya jimbo la Ontario ilimteua awe Mwanasayansi Mkuu wake wa kwanza, awanasihi watawala kwa ushahidi wa ilimu. Lakini baada ya uchaguzi wa 2018 serikali mpya ilimwondoa kabla hajatimiza mwaka. Naona ni hasara, kwani wadhifa wa namna hiyo hauzai matunda kwa miezi michache. Yeye aliendelea na utafiti, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya Gerhard Herzberg, iliyo taadhima kubwa kabisa kwa wanasayansi wa Kanada.