Kabla hujalipa karo ya bweni, mpeleke mtoto kwa daktari

Kila mwezi wa Januari zahanati yangu hujaa watoto wasio wagonjwa. Huletwa na wazazi ambao wamekwisha kununua sanduku, godoro na sare, na mkononi wana fomu ya shule inayotaka sahihi ya daktari kwamba mtoto anaweza kuishi bwenini. Kufikia hapo shule imechaguliwa na karo imelipwa. Daktari huulizwa mwisho, ilhali mengi anayoyajua yangefaa kuulizwa mwanzo.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 9. Nilimpima kifua, macho na tumbo, nikaona hana neno. Mama alipotoka kwenda kulipa, mtoto aliniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, huko watu huamshwa usiku?" Nilidhani anaogopa giza. Nikamwambia atalala salama, nikatia sahihi.

Likizo fupi ilipofika aliletwa tena akiwa amekonda, hajaenda choo kubwa kwa siku nne na mkojo wake una maambukizi. Kumbe alikuwa bado anakojoa kitandani, na ili wenzake wasijue, alikuwa haonji maji tangu saa nne asubuhi. Wenzake walijua tangu juma la kwanza. Mama naye alijua, ila alitumai bweni lingemkomesha. Nami niliulizwa swali wazi na mtoto nikalijibu ovyo.

Ningependa wazazi waelewe jambo hili vyema. Kukojoa kitandani si uvivu wala ukaidi. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 7 bado ana tatizo hilo, na mara nyingi baba au mama alikuwa nalo pia. Fimbo haisaidii, na aibu huzidisha. Wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Kwa wengine ipo kengele maalumu inayolia shuka inapoanza kulowa, na zipo tembe za desmopresini, lakini haya yanataka miezi kadhaa na mtu mzima aliye karibu. Kama mwanao hajakauka, tafuta tiba mwaka mmoja kabla ya kufikiria bweni. Yule mvulana alihamishwa shule ya kutwa, akakauka alipokuwa na miaka 11.

Kuhusu umri, mimi huwaambia wazazi waziwazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 hafai kulala shuleni ikiwa kuna njia nyingine. Najua zipo nyumba ambazo njia nyingine haipo: mzazi anafanya kazi za usiku, shule iko mbali mno, au nyumbani kwenyewe hakuna usalama. Hapo tafuta kwanza shule ambayo mtoto hulala Jumatatu hadi Alhamisi na kurudi nyumbani Ijumaa. Siku tatu za kulala kwake na kuonwa na macho ya mzazi hufichua mambo ambayo barua ya mwalimu haitayataja. Lakini kumpeleka bwenini kwa sababu jirani kampeleka wake, au kwa sababu mtoto ni mtundu, ni kuhamisha tatizo tu.

Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu anahitaji kuchaguliwa shule kwa kufuata ugonjwa wake. Mwenye pumu asibanwe katika bweni lenye vumbi na ubaridi, na inhela yake ikae mfukoni mwake. Nimekuta shule ambako dawa zote hufungiwa kabatini na ufunguo huenda nyumbani na matroni. Kifua kikibana saa nane usiku, mtoto hana muda wa kungoja matroni atafutwe. Mwenye selimundu huumizwa na baridi na ukosefu wa maji, hivyo shule ya nyanda za juu kama Limuru au Nyahururu haimfai, hata ikiwa na sifa kiasi gani katika mitihani. Mwenye kisukari wa kudunga insulini anahitaji jokofu la kuhifadhia akiba ya dawa, chakula kwa wakati, na mwalimu anayejua kwamba akianza kutetemeka na kutoka jasho apewe sukari papo hapo. Mwenye kifafa asilale kitanda cha juu. Naye mtoto aliyelelewa Nairobi akipelekwa Busia au Homa Bay hana kinga ya malaria waliyo nayo wenyeji, basi chandarua si hiari.

Nenda ukalione bweni lenyewe, wala usiridhike na ofisi ya mwalimu mkuu. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, milango inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na vyuma. Sharti hizi zina historia ya machozi. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, na Septemba 2024 wengine 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Kwa daktari nafasi hiyo ina faida nyingine. Vitanda vikigusana, upele, mafua, matubwitubwi na kifua kikuu hupata njia rahisi. Ukikatazwa kuingia bwenini, rudi nyumbani na pesa zako.

Uliza pia maji ya kunywa yanatoka wapi na kama hutibiwa. Tazama ikiwa karibu na choo kuna bomba na sabuni. Uliza nani hulala karibu na watoto, kama shule ina muuguzi, na gari gani humpeleka mgonjwa hospitali usiku. Ukijibiwa "huwa tunapiga simu", uliza simu kwa nani.

Kisha uliza kengele ya kuamka hulia saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kijana saa 8 hadi 10. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinatenga saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala. Hata hivyo, ziko shule zinazojivunia kuwaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri. Wengi wao huletwa kwangu wakilalamikia kichwa na macho, wakidhani wanahitaji miwani.

Jambo la bima lisisahauliwe. Mpango wa EduAfya, uliowagharamia wanafunzi wa sekondari za umma kupitia NHIF, ulikoma mwishoni mwa 2023. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako katika SHA.

Akirudi likizo ya kwanza, mpime uzito, mwangalie ngozi katikati ya vidole, na umuulize huenda choo mara ngapi na anakunywa maji kiasi gani. Muulize mkiwa wawili tu, na akisema jambo linaloonekana dogo, usiharakishe kumjibu.